Namba Tisa

Mimi hukijua kikosi kwa harufu.
Jumatatu asubuhi wananiletea gunia,
namwaga jezi kumi na nane uani kwangu, Igogo,
na kabla sijauliza matokeo nimeshajua
nani alianguka, nani alitapika, nani alikaa.

Namba tisa imekuwa ikirudi safi.
Wiki ya kwanza nilisema labda ameumia.
Wiki ya nne nikakoma kusema labda.
Mikunjo ya pasi yangu ileile,
na kwenye bukta mstari wa vumbi, alama ya benchi.
Naifua hata hivyo. Sabuni ni ya klabu,
na sitaki aseme hata dobi amemwacha nje.

Mwaka jana jezi hiyo ilinimaliza vidole.
Mabao kumi na tisa, Mhoja wa Bundala!
Wauza dagaa wa Kirumba walimpa gunia zima,
kinyozi akamchora ukutani, meno yote nje,
watoto wa Mabatini wakatembea mwendo wake,
bega moja chini, kama mtu aliyebeba ndoo.
Kisha ile penalti dhidi ya Sengerema.
Mpira ulipaa ukatua juu ya bati la duka la mbolea,
ukakaa huko kama paka.
Sasa ule ukuta umepakwa bluu.
Wameandika: HAPA TUNACHAJI SIMU.
Ukisogea karibu, sikio lake moja bado linaonekana.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.
Benchi la akiba pale Nyamagana lina paa.
Hawakusema anayeshinda kivulini hula nini.

Mwezi wa tatu alikuja hapa usiku,
nikadhani anadai soksi.
Akasema, "Mama Ng'washi, unaanika wapi?"
Nikamwonyesha jiwe la nyuma, lile kubwa
lililolala kama ng'ombe aliyegoma kwenda mnadani,
ziwa likichungulia juu ya nundu yake.
Kesho yake, kabla ya adhana, nikasikia: pu. Pu. Pu.
Anapiga mpira, jiwe linarudisha linavyotaka,
mara kushoto, mara gotini, mara kwenye karo langu.
Ukuta humkubalia kila mtu.
Jiwe lina mabonde yake.
Alivunja beseni moja. Alilipa, ingawa si papo hapo.
Sikumwambia kitu, mimi si kocha.
Nilihamisha kamba tu.

Juzi Jumapili, dakika ya sabini na moja, mvua,
redio ya jirani ikataja jina lake
kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni.
Nikaacha ugali uungue.
Hakufunga. Niseme kweli, hakufunga.
Mtangazaji alimtaja mara mbili,
mara ya pili akiwa nyuma kabisa, langoni kwetu,
tisa mzima anaokoa mpira kwa paja,
halafu wakaendelea na habari za kona.
Sare. Bila kwa bila.

Gunia lilikuja jana.
Niliitafuta nikaipita, nikidhani ni ya beki.
Tope hadi kwenye kola. Nyasi. Damu kidogo, sijui ya nani.
Nikailoweka peke yake.
Maji ya kwanza yakawa chai,
ya pili chai ya mwisho wa mwezi,
na mche mzima wa sabuni ukaisha mkononi.
Kiwiko kiligoma. Nilisugua, nikatia ndimu,
doa likakaa palepale kama kisiwa cha Saanane,
dogo, karibu, halisogei.
Sikulilazimisha sana.

Kikosi cha Jumamosi hubandikwa Ijumaa mlangoni.
Sijui. Kocha Rweyongeza hazungumzi na wanaofua.
Niliianika usiku juu ya jiwe, mikono wazi,
na leo alfajiri, pu, pu,
imebidi nitoke na kanga moja, mbio, kuiondoa,
asije akaichafua kabla ya siku yake.